Krimu ya Nta

Nianze kwa kusema kwamba mimi sijawahi kuwa mpishi wa keki. Nilikuwa fundi cherehani, nina kibanda changu pale Makanyagio, nashona sare za shule, magauni ya kipaimara, na watu wakishavuna nashona magauni ya harusi. Lakini Mpanda ya miaka ile ya tisini, ukishajua kushona rinda watu wanaamini unaweza kila kitu chenye mapindo. Kamati ya harusi ya mdogo wangu ilipokaa uani kwetu kugawana kazi, shangazi yangu mkubwa alininyooshea kidole akasema keki atatengeneza dada mtu, ana mkono. Nikasema sijui kutengeneza keki. Akasema ndiyo maana wananipa kazi mapema.

Keki yenyewe haikuwa tatizo. Mama alikuwa anaiweza: sufuria kubwa, mchanga chini, makaa juu ya mfuniko, na macho ya mama yasiyobanduka hapo. Tatizo lilikuwa picha. Binamu yetu aliyeolewa Dar es Salaam alikuwa ametuma picha ya harusi yake kwa mkono wa mtu aliyekuja na treni, na katika picha hiyo kulikuwa na keki tatu zilizopandishwa ngazi, zote nyeupe, na juu yake vilele vimesimama vimepinda kidogo nchani. Nyuma ya picha binamu alikuwa ameandika kwamba hiyo nyeupe ni krimu, inatengenezwa kwa maziwa. Mdogo wangu aliiweka picha ile chini ya mto. Asubuhi moja akanijia kibandani, akakaa juu ya vitambaa vya watu, akasema, "Dada, nataka krimu."

Krimu tuliyoijua sisi ilikuwa ya kupaka usoni. Nilimwambia hivyo. Akacheka, halafu akaendelea kunitazama, na mimi mdogo wangu akinitazama vile huwa siwezi kukataa kitu. Ndiyo kasoro yangu. Nyingine ni hasira, na mtaona zote mbili zilivyofanya kazi.

Sasa niwaeleze kuhusu mama wa bwana harusi, maana bila yeye hii ingekuwa habari ya mapishi tu. Kijana alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Mwamkulu, mpole, hata kuku akipita mbele yake anampisha. Mama yake alikuwa mjane wa mrina asali. Alilima mpunga wake, alisali kanisa lake, na alikuwa na maneno machache ambayo kila moja lilikuwa limeshanolewa. Kwa mwanawe wa kwanza alikwenda harusini na kitenge kipya ndani ya kikapu. Kwa watu wa upande wake, mama akimkubali mkwe anamvika kitenge mabegani mbele ya watu wote. Siku ile alikaa, akala, akashukuru, akarudi nyumbani na kitenge chake kikapuni. Miaka minne ilikuwa imepita, na yeye na mke wa mwanawe mkubwa walikuwa bado wanasalimiana kama watu waliokutana posta.

Na mdogo wangu alikuwa anakwenda kuishi uani kwa mama huyo huyo, kisima kimoja, jiko moja. "Dada, nikikosa kile kitenge nitaishije pale?" aliniuliza, na safari hii hakuwa anacheka.

Mama mkwe alipoletewa habari za harusi alisema neno moja tu, na lilifika Makanyagio kabla jua halijazama. Alisema watoto wa mjini wanajua kujipaka, lakini nyumba njema siyo mlango, fungua uingie ndani. Mdogo wangu aliposikia akaja mbio akasema basi, dada, tuache krimu, tupeleke keki kavu kama ilivyo. Mtu mwenye akili angesema sawa. Mimi nilipandwa na hasira mpaka nikachoma kitambaa cha mteja na pasi. Mjini gani? Mpanda mjini? Mji wenyewe ukipiga chafya umeshaumaliza, leo mtu wa Mwamkulu aje atuite wajipakaji? Nikamwambia mdogo wangu krimu itakuwepo, tena itasimama kuliko ile ya Dar es Salaam, na yule mama akiiona atakitoa kitenge mwenyewe bila kuombwa.

Hivyo ndivyo nilivyojitia kitanzi.

Nilianza kwa uaminifu, mnisifu kwa hilo. Nilitafuta maziwa kwa wafugaji waliohamia kutoka kaskazini na ng'ombe wao, wale ambao maziwa yao ukiyaacha usiku kucha yanatoa utandu mnene kama blanketi. Nikakusanya utandu wa siku mbili kwenye bakuli, nikachukua uma, nikaanza kupiga. Binamu alikuwa ameandika upige mpaka isimame. Nilipiga tangu kengele ya shule ya saa mbili. Mkono wa kulia ukachoka nikahamia wa kushoto. Kuna wakati ilisimama, haki ya Mungu ilisimama, nikamwita mama aje aone, na kabla mama hajafika mlangoni ikajikunja ikawa siagi. Mama akaitazama, akaonja, akasema ni nzuri, tupakie mkate. Joto la kwetu halitaki mchezo na maziwa. Nikaelewa kwamba hata kama ningefanikiwa, saa tisa mchana chini ya mabati ya ukumbi wa parokia krimu ile ingekuwa inateremka kwenye kitambaa cha meza kama machozi.

Basi nikaamua itakuwa ya bandia. Niliona si dhambi. Maua ya kwenye shela ni ya bandia, hakuna anayemshtaki bibi harusi. Mpango wangu ulikuwa hivi: keki tatu za kweli, zimepakwa sukari ya kusaga na maji ya limau, nyembamba, na juu ya kila keki nitaweka duara la karatasi ngumu lenye vilele vyangu. Watu watazame wapige picha, halafu kisu kipite ubavuni, na karatasi nizitoe mwenyewe baadaye keki ikienda kugawanywa. Nani atajua?

Mama aliposikia akaweka sharti moja. Alisema kitu chochote kitakachokaa juu ya chakula, mtoto akikilamba asife. Nikamwambia hakuna mtoto atakayelamba. Akaniuliza kama nimewahi kwenda harusini.

Sharti hilo liliondoa vitu vingi vizuri. Liliondoa chokaa, ambayo fundi mwashi jirani yetu alikuwa amenionyesha jinsi ya kuikoroga ikawa laini kama uji wa mgonjwa. Nilikuwa nimeshaipaka kwenye keki ya majaribio, na kwa kweli ilipendeza kwa muda wa kama nusu saa, halafu ikapasuka katikati na keki ikazama kwa uzito. Sharti liliondoa rangi ya mafuta. Liliondoa na gundi ya mbao, ambayo seremala alinipa kidogo kwenye kopo huku akiniuliza mara tatu ni ya kazi gani.

Nikajaribu pamba. Pamba nyeupe ya zahanati, nimeichovya kwenye uji wa muhogo, nikaisokota kileleni. Nilijisifu sana nilipokuwa naisokota. Ilipokauka mama alikuja akasimama mbele yake mikono kiunoni, akauliza hiyo keki imefanyiwa operesheni lini. Nikaitupa kwa mbuzi wa jirani. Mbuzi naye akainusa akaondoka.

Baada ya pamba ikaja sabuni, na hapa lazima niseme ukweli: sabuni ni nzuri kuliko krimu. Chukua sabuni nyeupe ya kipande, ikwangue kwa kile kibati cha kukwangulia karoti, weka maji ya moto kidogo kidogo, upige kwa uma. Inapanda mpaka inakutisha. Inang'aa, ina mapindo, ukiivuta na kijiko inatoa ncha inayopinda peke yake kama ile ya kwenye picha. Nilikaa chini nikaitazama kama mtu aliyejifungua.

Nilikuwa katika hali hiyo, mikono imekuwa myeupe hadi kwenye viwiko, bakuli kubwa mapajani, mama mkwe alipobisha hodi. Hakuwa ametuma ujumbe. Alikuwa amekuja sokoni kwa baiskeli ya mpwa wake, akaona si vibaya apite awasalimu wakwe. Mwanamke mwembamba, kilemba kimefungwa barabara, kikapu mkononi. Mama alikuwa ametoka. Nikamkaribisha kwa heshima zote ambazo mtu mwenye povu anaweza kuzitoa, nikasukumia bakuli chini ya kigoda, nikamletea maji ya kunywa kwa mikono inayoteleza.

Akakaa. Akanywa. Akatazama bakuli, maana kigoda hakifichi bakuli.

"Unafanya nini, binti?"

"Nafua, mama."

Akazungusha macho uani. Kamba ilikuwa tupu. Beseni lilikuwa limefunikwa. Hakukuwa na hata leso moja iliyolowa. Akasema, "Haya, pole na kazi," akamaliza maji yake, akaaga. Alipofika kwenye kona ya ua akageuka akanitazama mara moja, kama mtu anayeweka alama kwenye kitabu ili akirudi asitafute ukurasa.

Jioni mdogo wangu aliposikia alishika kichwa. "Dada, kwa nini usingemwambia? Mwambie tu tunatengeneza mapambo." Nikamjibu kwamba mapambo yakishasemwa si mapambo tena. Akanyamaza. Alikuwa na tabia hiyo, akiudhika ananyamaza, na mimi nilikuwa naona ni udhaifu.

Sabuni nayo ilinisaliti. Kufikia adhuhuri ya kesho yake ilikuwa imekaa chini, imenywea imekunjamana, na nyumba nzima inanuka kama Jumamosi ya kufua mashuka. Tena mama akauliza mtoto akilamba itakuwaje, akajibu mwenyewe kwamba atatoa povu mbele ya padre.

Mishumaa ndiyo iliyoniokoa, au niseme ndiyo iliyonipeleka nilikopelekwa. Umeme wa Mpanda wakati ule ulikuwa unakuja kwa hisani yake, kwa hiyo kila duka la Makanyagio lilikuwa na mishumaa. Nikaiyeyusha kwenye kopo ndani ya sufuria ya maji, nikaiacha ianze kupoa mpaka inaweka ngozi juu, halafu nikapiga kwa uma haraka haraka. Ikawa nyeupe, ikafura, ikashika. Niliirundika kwa kijiko juu ya karatasi, na nilipoinyanyua ncha ikabaki imesimama. Siku ya pili bado imesimama. Nikamwita mama. Akaibonyeza, akailamba, akasubiri kidogo kuona kama atakufa, akasema haina ladha lakini haina ubaya.

Nikapeleka karatasi moja juani kwa jaribio la mwisho. Saa nane mchana vilele vyote vilikuwa vimeinamisha vichwa kama wanafunzi waliokosa hesabu. Ilitakiwa kitu cha kuifanya iwe ngumu zaidi. Na kitu hicho nyie watu wa Katavi mnakijua, ingawa mkoa wenyewe wakati ule tulikuwa bado tunauita Rukwa. Sokoni walikuwepo wanaume waliotoka porini na baiskeli, asali kwenye madumu mbele, na nyuma mabonge ya nta waliyoikamua kwenye masega ya mizinga yao ya magome. Nta ya nyuki haiinamii jua upesi kama mshumaa. Halafu rangi yake, ukiichanganya na mshumaa nusu kwa nusu, inatoa weupe wenye unjano kidogo, weupe wa maziwa hasa, mpaka ule wa kwenye picha ukaonekana kama chokaa. Nilifurahi nikacheza peke yangu kibandani, mteja akaja akaondoka.

Fundi wa vibatari alinitengenezea faneli ndogo ya bati, mdomo wake ameukata meno meno kama nilivyomchorea. Nikawa najaza nta ikiwa vuguvugu, nasukuma kwa mti, na mapindo yanatoka yamejisokota yenyewe. Nilitengeneza vilele vidogo arobaini na vitano, na kimoja kikubwa cha kukaa juu kabisa, kimechongoka kama paa la kigango. Vidole vyangu vilikuwa na malengelenge. Sikujali.

Lakini kabla ya vilele hivyo kulikuwa na tatizo la harufu. Nta, hata uifanyeje, inakumbuka asali. Siku ya kwanza nyuki watatu waliingia kibandani. Siku ya pili walikuja wengi kiasi kwamba mteja wa gauni la kipaimara alipimwa akiwa barabarani. Nikaichemsha nta upya na majani ya mchaichai, nikaichuja kwa kitambaa, nikaichemsha tena. Nyuki wakapungua. Mimi nilikuwa nimeshakaa na nta wiki mbili, pua yangu imeshazoea, nikajiridhisha kwamba haina harufu yoyote. Mdogo wangu alinusa akasema, "Bado kidogo, dada." Nikamwambia ana wasiwasi wa bibi harusi.

Jumamosi ya harusi, misa ikaisha, tukahamia ukumbini. Nilikuwa nimezipanga keki zangu tangu asubuhi juu ya ngazi aliyochonga seremala, nimezifunika kitambaa cha neti. Nilipokifunua watu walisema aah kwa pamoja, na sikio langu liliinywa ile aah yote sikumwachia mtu tone. Wanawake wa kamati walisogea. Mmoja akauliza hiyo krimu imetoka Tabora au Mwanza. Nikatabasamu tu. Mpiga picha mmoja wa mjini alipiga picha mbili za keki kabla hajampiga bibi harusi hata moja.

Mama mkwe alikuwa amekaa mstari wa mbele, kilemba kipya, kikapu kwenye magoti. Ndani ya kikapu, upindo wa kitenge cha bluu ulikuwa unaonekana. Mdogo wangu aliuona. Mimi niliuona. Nadhani ukumbi mzima uliuona, maana habari ya mkwe wa kwanza ilikuwa inajulikana hadi Karema.

Nyuki mmoja alikuwa anazunguka juu ya keki. MC alimpunga na karatasi ya ratiba akisema hata inzi wanajua kitu kizuri. Watu wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Alimfuata yule nyuki kwa macho mpaka alipotua.

Kisu kikapita ubavuni kama nilivyoelekeza. Maharusi wakalishana. Vigelegele. Wakaenda kwa baba na mama yetu, wakapiga magoti, wakawalisha kipande cha chini, kila kitu kikaenda kama maji ya mtaro. Nikashusha pumzi. Halafu wakaenda kwa mama mkwe. Mdogo wangu akapiga magoti na sahani mkononi, uma umeshachoma kipande kizuri cha keki ya mama. MC akasogeza kipaza sauti.

Mama mkwe akatazama kipande kile. Akanyoosha kidole juu ya kichwa cha mdogo wangu mpaka kwenye meza.

"Mimi nataka ile ya juu," akasema. "Ile nyeupe iliyochongoka."

Kipaza sauti kikalipeleka neno hilo hadi nje walikokuwa wamekaa wapishi. MC naye, mtu asiyejua lolote, akarukia: mama mzaa chema anataka ya kileleni, naomba kilele kije kwa mama! Wanawake wakapiga vigelegele. Bwana harusi, ambaye hatukuwa tumemwambia siri, akaenda mwenyewe kwenye meza akakipasua kilele changu kikubwa kwa mkono, akakileta kwenye sahani. Kilitoa mlio mdogo kilipokatika. Keki hailii vile.

Mdogo wangu alinitafuta kwa macho. Nilikuwa nimesimama karibu na nguzo, na niseme ukweli mbele yenu, kwa kuwa yule mama hayupo tena wa kunisuta: nilimwambia kwa kichwa, mpe. Nta haiui. Mpe ameze, tabasamu, kitenge kitoke, mengine tutajua nyumbani. Hayo ndiyo niliyomshauri mtoto niliyembeba mgongoni.

Hakunisikiliza. Aliinua sahani, akajivuta mbele kwa magoti mpaka shela ikafunika kikapu, akaweka mdomo kwenye sikio la mama mkwe wake. MC alisogeza kipaza sauti kudaka, na mama mkwe akakiweka pembeni kwa kiganja. Alinong'ona muda mfupi tu. Baadaye aliniambia alichosema: "Mama, hii siyo ya kula. Ni nta na mishumaa, tuliweka kwa ajili ya kupendeza. Keki ya kweli ni ile ya chini. Nisamehe."

Mimi niliona midomo tu. Nikaona mabega ya mdogo wangu yanatetemeka chini ya gauni nililolishona mwenyewe, na nikajua ameshasema. Nilimkasirikia. Nikaona kitenge kinarudi Mwamkulu. Nikaona miaka ya kisima kimoja na jiko moja, na salamu za posta. Halafu hasira ikanigeukia mwenyewe, maana nani alileta nta kwenye harusi ya mwenzake?

Watu walikuwa wanasubiri mama ale.

Mama mkwe akarudisha kichwa nyuma, akamtazama mdogo wangu usoni kwa muda ambao mimi niliuona ni mrefu kama kwaresima. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika, "Nimesema naitaka hii. Nilishe." Akafungua mdomo.

Mdogo wangu hakuamini. Mama mkwe akaushika mkono wake wenye uma akauongoza mwenyewe. Akaingiza nta yote mdomoni, akafunga, akaanza kutafuna taratibu. MC akauliza, mama, tamu? Akaitikia kwa kichwa. Huku bado anatafuna, akaingiza mkono kikapuni, akakitoa kitenge cha bluu, akakikunjua mbele ya watu wote, akamfunika nacho mdogo wangu juu ya shela, juu ya maua, juu ya kila kitu. Akamkumbatia kichwa kifuani. Mdogo wangu alilia kwa sauti kama mtoto, na mama yangu akalia, na mke wa mwanawe mkubwa, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, akainamisha uso kwenye mtandio wake. Mimi nilikuwa nimeshikilia nguzo.

Vigelegele vilipopungua, mama mkwe akaomba kipaza sauti. Akaisukumia nta kwenye shavu moja apate nafasi ya kusema. "Aliyetengeneza hii krimu yuko wapi? Na yeye alishwe."

Shangazi zangu walinisukuma mbele kwa furaha, hawajui wananipeleka wapi. Nikapiga magoti kando ya mdogo wangu. Mama mkwe akamtuma mwanawe kilele kingine, akachagua kwa kidole, akataka kilicho kikubwa. Akakishika kwa vidole vyake viwili.

"Fungua mdomo, binti."

Nikafungua. Nta ya nyuki na mshumaa, nawaambia, inashika meno ya juu na ya chini kama inayadai. Mtu wa kwetu anajua kutafuna sega, ananyonya asali na nta anaitema kichakani. Lakini huwezi kutema mbele ya watu mia tatu na paroko. Na kuimeza huwezi. Kwa hiyo tulitafuna, yeye amekaa, mimi nimepiga magoti, wakati MC anaita zawadi za upande wa baba mkubwa.

Akainama kana kwamba ananirekebishia kilemba.

"Nimelala nyumba moja na mrina asali miaka thelathini," akasema chinichini, bila hasira hata kidogo. "Mlipofunua neti tu niliisikia harufu ya nta. Nilikuwa nataka nione kama atanilisha huku amenyamaza."

Mdomo wangu ulikuwa umejaa. Mpiga picha akatufuata, akatuambia tusogeleane, picha ya ukumbusho, bibi harusi katikati. Akatuambia tucheke. Mdogo wangu akacheka na machozi yake, kitenge kimemfika kidevuni. Mimi na mama mkwe tukacheka midomo imefumbwa.

"Mdogo wako nimempokea," akaniambia, macho yakiwa kwenye kamera. "Wewe bado."